Nimechuja jedwali la njia kwa 10.1.1, mbona 192.168.44.0 imejitokeza?

#1 MtegoWaNjoro (Nakuru), Alhamisi, saa 2:40 usiku

Salamu wakuu. Ninatunza mtandao wa chama cha ushirika chenye ofisi kuu hapa Nakuru mjini na matawi Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha. Matawi yote yanazungumza OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kujulishana njia, na jedwali la njia kwenye ruta ya ofisi kuu lina mistari ipatayo 240, kwa hiyo kulisoma lote kwa macho ni kazi ya kuchosha. Leo nilitaka kuona njia za tawi la Njoro peke yake, ambazo ni mbili tu: 10.1.1.0/25 na 10.1.1.128/25. Nikaandika hivi:

`show ip route | include 10.1.1`

Nilitarajia mistari miwili, nikapata tisa. Miongoni mwake kulikuwa na 10.1.10.0, ambayo ni ya Naivasha, na 10.121.4.0, ambayo ni ya Gilgil. Mstari ulionishangaza kuliko yote ni wa 192.168.44.0, mtandao wa kamera za Molo, ambao ukiutazama hauna kumi wala moja-moja popote. Je, kuna njia zinazovuja kutoka Molo, au ni rejeksi yangu (ruwaza ya kutafutia maandishi) inayonidanganya?

Jambo la pili: nina hakika kwamba 10.1.1.128/25 ilikuwa na njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine inayozunguka kupitia Molo. Katika orodha yangu imeonekana moja tu. Naandika nikiwa ndani ya matatu, ndiyo maana sijabandika matokeo kamili.

#2 Kipanga_Menengai (Nakuru), saa 2:52 usiku

Ndugu, tatizo la kwanza ni nukta. Katika rejeksi, nukta haimaanishi nukta, bali humaanisha herufi yoyote ile moja. Ulipoandika 10.1.1 uliiambia ruta: nitafutie moja, sufuri, chochote, moja, chochote, moja. Ndiyo sababu 10.121.4.0 ilipita, kwa kuwa ile 2 ya katikati ni "chochote". Weka mkwaju wa kinyume mbele ya kila nukta, na umalizie kwa nukta ili 10.1.10.0 isiponyoke:

`show ip route | include 10\.1\.1\.`

Kuhusu ile 192.168.44.0 sina jibu bado.

#3 DalaMawimbi (Kisumu), saa 3:05 usiku

Mimi sikubali kwamba kila kitu ni nukta. Mtandao wa kamera kujitokeza mahali usipotarajiwa ni dalili ya kawaida ya njia zilizosambazwa upya kutoka itifaki moja hadi nyingine bila kuchujwa. Mwaka juzi nilikuta jambo la namna hiyo katika mtandao mmoja huku Kondele: fundi aliyenitangulia alikuwa ameingiza njia zote tuli ndani ya OSPF, na mitandao ya kamera ikawa inaonekana hadi kwenye ruta za wageni. Angalia usanidi wako kama kuna `redistribute` pale Molo kabla hujaanza kuhesabu nukta.

#4 Msafiri_wa_Busia, saa 3:11 usiku

Wakuu, mnasahau safu ya muda. Mstari wa njia ya OSPF hubeba saa tangu njia ijulikane, kwa mfano 00:10:11. Humo mna kumi, mna nukta pacha, mna moja na moja. Nadhani njia ya kamera ilikuwa na dakika kumi na sekunde kumi na moja wakati ndugu yetu alipobonyeza kitufe, na akirudia amri hiyo kesho haitaonekana.

#5 Mama_Nyaya (Kakamega), saa 3:34 usiku

Msafiri, wazo lako ni zuri lakini hesabu inakukataa. Ruwaza ile ina nafasi sita, na nafasi ya sita lazima iwe moja. Katika 00:10:11 tukianzia kwenye kumi tunapata moja, sufuri, nukta pacha, moja, moja, kisha mkato, kwa sababu safu ya muda hufuatwa na mkato. Hata muda ukiwa 10:11:12, nafasi ya sita ni nukta pacha. Safu ya muda haiwezi kuipita ruwaza hii hata kwa bahati.

Kosa tunalofanya sote ni kudhani kwamba `include` hutazama safu ya anwani. Haijui safu. Husoma mstari mzima kama uzi mmoja wa herufi, kuanzia ile O ya mwanzo hadi jina la mlango mwishoni, na ikipata kipande kinacholingana popote huuachia mstari wote. Kwa hiyo, MtegoWaNjoro, ukishafika nyumbani tubandikie mstari wa 192.168.44.0 ulivyo, pamoja na yaliyomo ndani ya mabano mraba.

#6 MtegoWaNjoro, saa 4:20 usiku

Nimefika. Huu hapa:

`O        192.168.44.0/24 [110/101] via 172.16.0.6, 2d03h, GigabitEthernet0/1`

#7 Mama_Nyaya, saa 4:26 usiku

Basi mwizi ameonekana. Tazama ndani ya mabano na uanzie kwenye ile moja ya pili ya 110: moja, sufuri, mkwaju, moja, sufuri, moja. Nafasi sita zimetimia. Nukta yako ya kwanza imemeza mkwaju, nukta yako ya pili imemeza sufuri. 110 ni kiwango cha uaminifu cha OSPF katika ruta za Cisco, 101 ni gharama ya njia. Kila njia ya OSPF yenye gharama ya 101, 111, 121 na kadhalika itapita kwenye chujio lako, hata kama inaelekea mwezini.

#8 Kipanga_Menengai, saa 4:31 usiku

Mama, hapo nakuvulia kofia. Miaka yote nimewaonya vijana kuhusu nukta ndani ya anwani, wala sijawahi kufikiria kwamba mabano nayo yanaweza kujifanya anwani.

#9 MtegoWaNjoro, saa 4:40 usiku

Ahsante sana Mama. Gharama ya 101 naielewa: kiungo cha redio cha Molo nilikiandikia `bandwidth 1000`, na kwa kuwa OSPF hugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, hiyo ni gharama ya 100, kisha mlango wa ndani wa Molo unaongeza 1. Hata hivyo, katika ile mistari tisa ulikuwemo mmoja wa 172.31.9.0 ambao sasa, nikirudia amri ileile, haupo. Huo sikuuhifadhi.

#10 DalaMawimbi, saa 4:48 usiku

Ndiyo hapo ninaporudi na hoja yangu ya ujumbe wa 3. Mstari unaokuja na kuondoka si suala la rejeksi, ni suala la njia yenyewe kuyumba.

#11 Mama_Nyaya, saa 4:55 usiku

Au njia ipo palepale na gharama yake ndiyo iliyobadilika, ikatoka 101 na kuwa kitu kingine. Andika `show ip route 172.31.9.0` uone imekaa muda gani katika jedwali.

#12 MtegoWaNjoro, saa 5:02 usiku

Ipo. Muda wake ni saa 1 na dakika 50, gharama ni 20. Kwa hiyo ilibadilika wakati nikiwa njiani, lakini ilikotoka sijui.

#13 Omena_Kavu (Kisumu), Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Saa 1 na dakika 50 kabla ya saa 5:02 ni saa 3:12, ilhali ujumbe wako wa kwanza ni wa saa 2:40. Kwa hiyo mabadiliko yalitokea baada ya wewe kuuliza, wakati sisi huku tumeshika nukta kooni. Huenda ruta iliona aibu ya kujadiliwa hadharani.

#14 Mwalimu_Ruwaza (Maseno), saa 2:10 asubuhi

Nimesoma uzi wote kwa furaha. Chujio la `10\.1\.1\.` lililopendekezwa katika ujumbe wa 2 bado lina matundu mawili. La kwanza, litaruhusu 110.1.1.0 na 210.1.1.0, kwa sababu halijasema ni nini kitangulie ile kumi. La pili, litaruhusu mstari wowote ambao hatua yake inayofuata, yaani ruta inayokabidhiwa pakiti, ni 10.1.1.x, hata kama mtandao wenyewe uko Naivasha. Wengi hukimbilia kistari cha chini, ambacho katika rejeksi za Cisco humaanisha mwanzo wa mstari, mwisho wake, nafasi tupu, mkato, au mabano. Tundu la kwanza kinaliziba, la pili hakiligusi, kwa kuwa hatua inayofuata nayo hutanguliwa na nafasi tupu. Tena ukikiweka mwishoni hivi:

`show ip route | include _10\.1\.1\.0_`

hutapata mstari wowote unaoonyesha urefu wa mtandao, kwa kuwa baada ya 10.1.1.0 huja mkwaju, na mkwaju haumo katika orodha ya vitu ambavyo kistari cha chini huvikubali. Nimewaona wanafunzi wakiapa kwamba njia imekufa ilhali ni kistari chao kilichoificha. Mimi hutumia hii:

`show ip route | include _10\.1\.1\.[0-9]+/`

Anwani ya mtandao hufuatwa na mkwaju, na hatua inayofuata hufuatwa na mkato. Mkwaju ndio unaozitenganisha.

#15 FundiKericho, saa 2:37 asubuhi

Mwalimu, heshima yako, lakini dawa hiyo haitibu kila mgonjwa. Kuna mahali ruta za Cisco haziandiki mkwaju kwenye mstari wa njia. Iwapo mitandao yote midogo ndani ya mtandao mkuu ina urefu mmoja, urefu huo huandikwa mara moja tu kwenye kichwa, kwa mfano `172.16.0.0/24 is subnetted, 3 subnets`, na mistari iliyo chini yake hubaki na anwani tupu. Mitandao ikiwa na urefu tofauti ndipo kichwa husema `variably subnetted` na kila mstari ukabeba mkwaju wake.

Nilikuwa na ruta ya zamani katika kiwanda kimoja cha majani chai, nikaandika chujio lenye `/24` mwishoni, likarudisha kichwa peke yake. Nilipiga simu mbili za dharura kabla ya kugundua kwamba hakuna kilichoharibika. Simu ya pili nilimpigia mkubwa wangu, na hadi leo ananiita "Bwana Kichwa Kitupu".

#16 Mwalimu_Ruwaza, saa 2:50 asubuhi

Ni kweli kabisa, FundiKericho, nami nakubali kusahihishwa. Matoleo ya 15 na kuendelea ya programu ya ruta za Cisco yanaongeza mistari ya L yenye /32 kwa kila anwani ya ruta yenyewe, kwa hiyo mitandao ambayo ruta inaigusa moja kwa moja huwa na urefu tofauti karibu kila mara na mkwaju huonekana. Kwa mitandao ya mbali, au kwa ruta za matoleo ya 12, onyo lako linasimama.

#17 Chavakali_Nyuzi, saa 3:20 asubuhi

Wakuu, mbona tunajitesa kwa mikwaju? Rejeksi haijui hesabu. Kwake, 10.1.1.128/25 si mtandao wenye anwani 128, ni herufi tu zilizopangwa. Ruta yenyewe inajua hesabu, basi iachiwe kazi yake:

`show ip route 10.1.1.0 255.255.255.0 longer-prefixes`

Amri hii hurudisha kila njia iliyomo ndani ya 10.1.1.0/24 bila kujali imeandikwaje, na haiwezi kudanganywa na gharama ya 101. Ukitaka kujua pakiti ya 10.1.1.200 itapita wapi, andika `show ip route 10.1.1.200`, nayo itakutafutia njia mahususi zaidi kama inavyofanya kwa pakiti halisi.

#18 Kipanga_Menengai, saa 3:29 asubuhi

Kweli, lakini nusu ya kazi yangu ni kusoma mafaili ya matokeo yaliyohifadhiwa jana, na faili halina akili ya ruta. Hapo rejeksi ndiyo jembe lililopo. Vilevile kuna maswali ambayo si ya hesabu, kama vile "nionyeshe njia zote za OSPF zinazotoka mlango huu zilizojifunzwa ndani ya saa moja iliyopita". Hilo `longer-prefixes` haliwezi.

#19 Bungoma_Minara, saa 4:02 asubuhi

Sisi tunaotumia ruta za MikroTik tuna pande zote mbili katika amri moja, wala hatugombani. Kwa hesabu:

`/ip route print where dst-address in 10.1.1.0/24`

Kwa rejeksi kuna alama ya wimbi:

`/ip route print where dst-address~"^10\\.1\\.1\\."`

Mkwaju wa kinyume lazima uandikwe mara mbili, kwa sababu ule wa kwanza unaliwa na nukuu kabla rejeksi haijaonja chochote. Na kwa kuwa ruwaza hulinganishwa na safu ya `dst-address` peke yake, gharama na hatua inayofuata haziwezi kujipenyeza. Maafa ya ujumbe wa kwanza yasingetokea kwetu.

#20 Omena_Kavu, saa 4:10 asubuhi

Yasingetokea hayo, yangetokea mengine.

#21 Dada_Seva (Kisumu), saa 5:15 asubuhi

Naongezea upande wa Linux, kwa kuwa ruta zetu ni kompyuta za kawaida zilizofungwa kwenye kabati. `ip route show root 10.1.1.0/24` huleta njia zilizomo ndani ya mtandao huo, `ip route show match 10.1.1.200` huleta zile zinazouzunguka, na `ip route get 10.1.1.200` husema pakiti itapita wapi hasa. Kwa wanaopenda `grep`, amri ya kuchuja maandishi, kumbukeni `grep -F`, ambayo huzima rejeksi kabisa na kuisoma nukta kama nukta. Ingemwokoa ndugu yetu na mabano yake, ingawa 10.1.10.0 ingepita bado.

Kuhusu swali lake la pili, ambalo naona limeachwa njiani: Linux ina tatizo hilohilo. Mtandao wenye njia mbili huandikwa kwa mistari mitatu, wa kwanza ukiwa na anwani, na miwili inayofuata ikianza kwa nafasi tupu na neno `nexthop`. `grep` ikishika wa kwanza, hatua zote mbili zinapotea. Dawa ni `ip -o route`, inayobana kila njia kwenye mstari mmoja, kisha ndipo uchuje.

#22 Kipanga_Menengai, saa 5:30 asubuhi

Naam, tulilisahau. Katika Cisco ni vivyo hivyo: njia ya kwanza iko kwenye mstari wa anwani, ya pili iko chini yake ikianza kwa nafasi tupu na mabano, bila anwani yoyote. `include` haiwezi kuiona kwa kuwa haina 10.1.1 ndani yake. Basi MtegoWaNjoro, njia yako ya Molo ipo, ni chujio lililoificha.

#23 DalaMawimbi, saa 5:44 asubuhi

Subirini kidogo. OSPF huweka njia mbili katika jedwali pale tu gharama zinapolingana. Mleta uzi ametwambia mwenyewe katika ujumbe wa 9 kwamba kiungo cha Molo kina gharama ya 100. Ili njia ya kuzungukia Molo ilingane na ya moja kwa moja, ile ya moja kwa moja ingelazimika kuwa ghali kupita hiyo 100, na sioni kwa nini kiungo cha Nakuru hadi Njoro kiwe hivyo. Huenda njia ya pili haikuwahi kuwepo.

#24 MtegoWaNjoro, saa 6:30 mchana

Nimeangalia kwa `show ip route 10.1.1.128` bila chujio lolote. Ipo njia moja tu, ya moja kwa moja. Lakini nina picha ya skrini ya mwezi uliopita yenye hatua mbili, na sijagusa gharama ya kiungo chochote tangu wakati huo.

#25 Mama_Nyaya, saa 7:05 mchana

Kiungo cha moja kwa moja ni cha nyaya au cha redio? Kama ni mlango ambao mtoa huduma hubadilisha kasi yake, gharama hujipanga upya bila wewe kugusa lolote.

#26 MtegoWaNjoro, saa 7:12 mchana

Ni nyaya za mtoa huduma. Alihamisha kituo wiki mbili zilizopita, na akasema hakuna kitakachobadilika.

#27 Omena_Kavu, saa 7:13 mchana

Hayo maneno ya mwisho ningeyachuja kwa `exclude`.

#28 Kijana_wa_Siaya, saa 10:40 jioni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi. Nimejaribu kuchuja njia za IPv6 kwa `include 2001:db8` nikapata skrini tupu, ilhali njia zipo. Kosa liko wapi?

#29 Mwalimu_Ruwaza, saa 11:02 jioni

Marahaba kijana. Ruta za Cisco huandika IPv6 kwa herufi kubwa, yaani `2001:DB8`, na `include` hutofautisha kubwa na ndogo. Linux huandika kwa herufi ndogo, kama inavyopendekezwa na hati ya viwango vya intaneti RFC 5952 ya mwaka 2010. Tena IPv6 ni adui mkubwa zaidi wa rejeksi, kwa sababu anwani moja inaweza kuandikwa kwa namna nyingi kutegemea sufuri zilizofupishwa. Na kwenye Cisco hatua inayofuata ya IPv6 huandikwa mstari wa chini hata kama ni moja, kwa hiyo mjadala wa ujumbe wa 22 unakuhusu kila siku.

Jambo jingine dogo: ukihitaji alama ya kuuliza ndani ya rejeksi yako, bonyeza kwanza Ctrl na V. Usipofanya hivyo ruta hudhani unaomba msaada.

#30 Kijana_wa_Siaya, saa 11:20 jioni

Nimepata, ahsante Mwalimu. Je, kuna mahali pa kufanyia mazoezi ya jedwali kubwa? Maabara yetu ina ruta mbili tu.

#31 Dada_Seva, saa 11:48 jioni

Mradi wa Route Views wa Chuo Kikuu cha Oregon una vikusanyaji vya BGP (itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao ya intaneti) vilivyo wazi kwa kusoma, na kimoja kiko KIXP, kituo cha mitandao kuunganishana, Nairobi. Jaribu `show ip bgp regexp _36914_`, ambayo ni namba ya KENET, mtandao wa vyuo vyetu. Kisha jaribu bila vistari vya chini na utafakari kwa nini 136914, ambayo iko katika fungu la Asia na Pasifiki, nayo ingeruhusiwa. Baada ya hapo linganisha `_36914$`, yaani njia zilizoanzia kwao, na `^36914_`, yaani zilizopokewa kutoka kwao moja kwa moja.

#32 Chavakali_Nyuzi, Jumamosi, saa 3:00 asubuhi

Lakini mwonye kijana kuhusu uzito. Nilipokuwa katika kampuni moja ndogo ya intaneti, niliandika rejeksi yenye nyota mbili za `.*` ndani ya mabano, juu ya jedwali zima la dunia, katika ruta iliyokuwa ikibeba wateja. Prosesa ilipanda hadi mwisho, majirani wa BGP wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na simu ya ofisi haikupumzika hadi adhuhuri.

#33 FundiKericho, saa 3:18 asubuhi

Je, ulikuwa umeunganishwa kwa konsoli? Konsoli ya biti 9600 kwa sekunde ndiyo huchelewesha.

#34 Chavakali_Nyuzi, saa 3:25 asubuhi

Ndiyo, lakini chujio hufanya kazi ndani ya ruta, na kinachopita kwenye waya ni mistari iliyolingana tu. Ningeomba jedwali lote, hapo ungekuwa sahihi: 9600 ni kama herufi 960 kwa sekunde, yaani mistari 12 ya herufi 80, na jedwali la IPv4 la siku hizi lenye takriban njia milioni 1 lingechukua karibu saa 23. Yangu ilikuwa prosesa.

#35 Mwalimu_Ruwaza, saa 4:40 asubuhi

Ni kurudi nyuma. Injini ya rejeksi inayojaribu, ikishindwa ikarudi na kujaribu tena, inaweza kuongeza kazi maradufu kwa kila herufi. Mwaka 2007 Cisco walitoa onyo kuhusu rejeksi fulani za BGP zilizoweza kuizima ruta ikajiwasha upya, na usanidi wa `bgp regexp deterministic` huondoa hatari hiyo kwa kubadilisha injini. Kampuni ya huduma za intaneti ya Cloudflare nao, tarehe 2 Julai 2019, walizimika kwa dakika 27 kwa sababu ya rejeksi moja. Kinachosikitisha ni kwamba Ken Thompson alieleza namna ya kulinganisha bila kurudi nyuma mwaka 1968, miaka mitano kabla ya `grep` yenyewe.

#36 Bungoma_Minara, saa 5:05 asubuhi

Mimi bado naona kilichomwangusha Chavakali ni kumbukumbu na wala si prosesa. Jedwali zima katika ruta ndogo halihitaji rejeksi ili kuzimia.

#37 Chavakali_Nyuzi, saa 5:20 asubuhi

Jedwali lilikuwa humo kwa miezi saba bila kuzimia. Lilizimia dakika niliyobonyeza kitufe.

#38 Bungoma_Minara, saa 5:24 asubuhi

Hata mzee wa miaka tisini huishi miezi saba bila kuzimia.

#39 MtegoWaNjoro, Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Wakuu, mrejesho. Nimefika kazini nikaandika `show ip route 10.1.1.128`, na sasa zipo hatua mbili, moja kwa moja na kupitia Molo, zote kwa gharama ya 102. Hakuna mtu aliyeingia kwenye ruta tangu Ijumaa, kwa mujibu wa kumbukumbu za ofisi kuu. Nikichuja kwa ruwaza ya Mwalimu naona moja, nikichuja kwa ile yangu ya zamani naona hiyohiyo moja pamoja na kamera za Molo.

#40 DalaMawimbi, saa 2:31 asubuhi

Gharama ya 102 kwenye kiungo cha moja kwa moja cha nyaya? Mwulize mtoa huduma alihamishia wapi kituo hicho.

#41 Mama_Nyaya, saa 2:40 asubuhi

Na pia uangalie ruta ya Njoro, si ya ofisi kuu peke yake. Gharama hujumlishwa na kila ruta ya njiani, na huenda aliyeingia aliingia upande ule. Bandika hapa `show ip ospf interface brief` ya pande zote mbili.

#42 MtegoWaNjoro, saa 2:44 asubuhi

Ruta ya Njoro nywila yake anayo fundi aliyeondoka. Naenda huko sasa hivi na waya wa konsoli.